Msanii wako kaongea utumbo? Soma hii kabla hujafuta nyimbo zake zote

Hii nawaandikia wagosi na wadada wa Tanga, na wa kwengineko mkipita karibuni, wale wenye msanii wao wanaempenda tangu wako shule, nyimbo zake wanazijua mpaka pale anapovuta pumzi, afu siku moja wanawasha data asubuhi wanakuta jamaa kaongea utumbo kuhusu watu weusi, au dini ya watu, au wanawake, au chanjo, status zimejaa, na binamu ambae hakusalimii mwezi mzima leo kakutumia klipu na vicheko chini, "huyu si ndo mtu wako huyu". Roho inauma kijinga kabisa. Unajua fika huyo mtu hakujui na hatokaa akujue, lakini inauma.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Kanye West, yule rapa wa Marekani, siku hizi anajiita Ye, maana huku Ngamiani ndo alietugombanisha kuliko wote, kuna watu kijiweni hawapishani kahawa mpaka leo kwa ajili yake. Kama wako ni wa singeli au bongofleva au taarab utaratibu ni uleule, badilisha jina tu uendelee.

Hakikisha kasema kweli

Usijibu chochote kabla hujaona chanzo. Klipu ya sekunde chache yenye maandishi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa na mtu asiejulikana sio ushahidi. Tafuta mahojiano yote, angalia karusha nani, tarehe gani, na aliulizwa nini kabla hajajibu, maana mara nyingi swali ndo huwa limekatwa. Klipu za zamani nazo zina tabia ya kurudi kila baada ya muda zikiwa zimevaa nguo mpya. Afu sahivi kuna akili mnemba, mwaka 2023 ulisambaa wimbo wenye sauti za Drake na The Weeknd, watu wakaupenda kwelikweli, na hao wawili hawakuimba hata neno moja mle, sasa kama wimbo mzima umewezekana sentensi moja ya matusi itashindikanaje. Kingereza kikikupiga chenga mtafute anaekijua umsikilizishe, mwalimu, mdogo wako alieko chuo, yeyote yule ila asiwe huyo binamu.

Ukishathibitisha kasema, basi kasema. Usirudi tena kwenye "labda wamemuwekea maneno".

Pima uzito wa alichosema

Hapa watu wanachanganya sana mafaili. Kuna maoni yanayouma kwa sababu yamekugusa, na kuna maoni yanayomvua mtu utu wake, na kuna mambo ambayo sio maoni kabisa. Sisi Tanga tunawajua Wagosi wa Kaya, kundi letu la kurap, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwaimba wauguzi, lugha zao kwa wagonjwa na kile cha juu wanachotaka, sasa nesi aliekuwa shabiki wao siku ile lazima ulimchoma. Lakini ule ulikuwa wimbo wa mnyonge akimsema mwenye nguvu juu ya jambo ambalo mama yeyote aliewahi kulazwa anaweza kulielezea. Ukiumia kwa mtindo huo jiulize vizuri, inawezekana msanii wako hana kosa.

Upande wa pili kabisa yuko R. Kelly, mwimbaji wa Marekani. Huyo hajahukumiwa kwa maoni, mahakama ya New York ilimkuta na hatia 2021 na mwaka uliofuata akapewa miaka 30, kwa vitendo vya unyanyasaji wa kingono alivyowafanyia watu. Mtu akikwambia "mbona R. Kelly bado mnacheza nyimbo zake harusini" wakati mnaongelea mtu aliesema upuuzi kwenye redio, mwambie hizo ni kesi mbili tofauti, aifungue hiyo nyengine kivyake.

Na hawa wetu wa nyumbani wanaopanda majukwaani wakati wa kampeni? Mimi mtazamo wangu, na unaruhusiwa kuukataa, mtu akilipwa akaimba wimbo wa chama nisichokipenda hiyo naichukulia kazi, nitanuna siku mbili yatapita. Ila akishuka jukwaani akaanza kuwatukana wananchi waliomfikisha hapo, hiyo haikuwemo kwenye malipo, kaitoa mwenyewe moyoni, na hapo namuweka kwenye faili la pili.

Sasa Ye. Mei 2018 alikaa kwenye ofisi za TMZ, wale wa habari za mastaa wa Marekani, akasema ukisikia utumwa ulidumu miaka 400, inaonekana kama ni kitu watu walijichagulia. Hebu lisikilize hilo ukiwa Tanga. Panda gari uende Pangani hapo, mji ambao karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia za misafara ya kutoka bara, pembe za ndovu na watu kwa pamoja, wengine wanapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja na Pemba kwenye mikarafuu na wengine wanabaki palepale Pangani kulimishwa miwa. Bagamoyo ndo usiseme. Na sio mambo ya enzi za Nuhu haya, sheria ya kufuta utumwa Tanganyika imekuja 1922, yaani kuna wazee wako barazani sahivi wanakunywa chai ambao bibi zao walizaliwa kumiliki mtu ikiwa ni halali kisheria. Kwa hiyo mtu akikwambia unakuza mambo, hayo ni ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mwambie apande gari ya Pangani.

Acha uwakili

Hapa ndo penye kazi, hapa pasome mara mbili.

Nimeangalia mashabiki wengi wakipitia hii hali na naona kinachowachosha sio nyimbo. Nyimbo hazijabadilika, ngoma ya 2004 iko vilevile. Kinachowachosha ni uwakili. Kuna siku, hukumbuki lini, ulijipa kazi ya kumtetea yule mtu kila kona, kwenye bajaji, kwenye grupu la ukoo, kazini, bila malipo na bila mteja kujua kama una kesi yake. Na mteja mwenyewe ndo huyu anaeharibu kila ukitengeneza.

Angalia ilivyokwenda. 2018 baada ya lile la utumwa, Ye akaandika Twitter kwamba alimaanisha watu walifungwa akili. Mashabiki wakaidaka hiyo kwa mikono miwili, alimaanisha akili, nyie hamumuelewi, jamaa ni jiniasi anaongea kwa mafumbo. Haya, tukanyamaza. Oktoba 2022 akaanza kuandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, Adidas, waliokuwa wanatengeneza nae raba za Yeezy, wakavunja nae mkataba mwezi huohuo, mashabiki mawakili wakasema anaumwa, na ni kweli mwenyewe alishasema hadharani ana maradhi ya akili, lakini wapo watu chungu nzima wana maradhi hayohayo na hawajamtukana mtu wa kabila lolote. Disemba hiyohiyo akakaa kwenye mahojiano akimsifia Hitler. Hitler jamani. Hapo wakili msomi uliekuwa unasema "alimaanisha akili" unasimama wapi?

Kwa hiyo jiuzulu. Namna ya kujiuzulu ni hii: andaa sentensi moja, fupi, ya kweli, uizoee mpaka itoke yenyewe. Mimi nashauri hivi, "nyimbo zake nazipenda, hilo alilosema ni upuuzi." Basi, weka nukta. Hapo umeshamaliza, agiza kahawa na kashata mada ibadilike. Watakuchokonoa, watasema kwa hiyo umemkimbia, kwa hiyo ulikuwa unatudanganya siku zote, we rudia sentensi ileile kwa upole uleule. Mtu wa kijiweni anataka mpambano, asipopata mpambano anahamia kwa mwengine, ndo walivyo.

Usiongeze "lakini". Hii "lakini" ndo inakurudisha mahakamani. Ni upuuzi lakini mbona na fulani nae alisema, ni upuuzi lakini amesaidia masikini, ukifika hapo umeshavaa joho tena na kesi inaanza upya.

Na angalia usivuke ukaenda upande wa pili ukawa mwendesha mashtaka. Wapo watu wakiacha kumtetea msanii wanaanza kumwinda, kila alichosema tangu yuko mdogo wanakitafuta, skrinshoti kwenye mafolda, usiku kucha wanagombana na mashabiki wa Lagos na Brazil wasiowajua. Hiyo nayo ni kazi ya bure kwa mtu yuleyule. Halafu mitandao haina habari wewe umeingia kwa hasira au kwa mapenzi, ukiangalia video ili umtukane vizuri umeangalia video, komenti yako ya matusi inahesabika kama komenti nyengine yoyote na inamsogeza juu kwa wengine. Bando lako hilo mgosi.

Kama mambo anayosema yanakukuta na wewe mwenyewe, yaani wewe ndo wa hiyo dini au hiyo rangi au ndo mwanamke anaemsema, basi hata hiyo sentensi moja hulazimiki kuitoa. Simama uondoke. Hakuna anaekudai ufafanuzi.

Hela

Watu wa Tanga hili hatuhitaji kufundishwa, tumekua na taarab, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kwenye taarab mtu hatunzi kwa sababu mwimbaji ana sura nzuri, anatunza kwa sababu ule ubeti umemsemea jambo lake, anainuka na noti yake juu anakwenda kwa madaha kila mtu anaona, na mbaya wake aliekaa kule nyuma anaona zaidi. Yaani ile noti ni maneno. Ukishaona hivyo kila shilingi unayompa msanii jiulize unatunza nini. Kama unatunza wimbo uliokulea sawa, ila ukinunua kitu kipya baada ya maneno yale, ujue kuna watu wanakuangalia unavyoinuka na noti.

Kiutendaji iko hivi. Penye hela ya maana ni tiketi za shoo na bidhaa, fulana, viatu, kofia, vyenye jina lake. Hivyo ukiacha umeacha kweli. Kusikiliza mtandaoni ni senti kidogo sana kwa kila wimbo, Spotify wao wanahesabu ukishafika sekunde 30, na hizo senti zinagawanywa kwa kampuni, watunzi, waandaaji, msanii anapata kipande. Na hapa kuna jambo linanikwaza, ukimfungia yeye unawafungia na wengine wasio na hatia, mfano wimbo wa kwanza uliomtoa Ye umejengwa juu ya sauti ya Chaka Khan kutoka wimbo wa zamani, na watunzi wa ule wimbo wa zamani nao wana chao mle. Kwa hiyo sikuambii kusikiliza wimbo wake wa zamani ni dhambi. Sikuambii vilevile kwamba haina maana yoyote. Ni kidogo, amua mwenyewe.

Ukiamua kukata, Spotify ingia ukurasa wa msanii bonyeza vile vinukta vitatu kuna sehemu ya kuzuia asipigwe tena, YouTube vinukta vitatu pembeni ya video unachagua usipendekezewe hiyo chaneli. Mambo ya kurushiana nyimbo kwenye flashi kwa fundi simu ni njia ya kutompa yeye hata senti, ila humpi na prodyuza wala mpiga gitaa, kwa hiyo usijisifie sana kuwa umefanya mapinduzi. Na raba za Yeezy za mtumba ambazo kila kijana anazo, hizo vaa tu kwa amani, nusu yake hata Adidas hawazijui.

Masikio

Usifute kitu siku ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu ya waliofuta kila kitu kwa hasira Jumatatu, Ijumaa wanaomba watumiwe. Toa nyimbo zake kwenye orodha yako ya kila siku, ziweke pembeni, sikiliza vitu vyengine wiki kadhaa, hii ni nafasi nzuri ya kurudi kwenye zile taarab za marehemu Shakila ambazo mama alikuwa anazipiga unafagia uwanja, mwanamke wa Pangani yule. Ukitulia chukua wimbo mmoja wa yule msanii wako, mmoja tu, usikilize mwanzo mwisho na masikio ya sasa.

Yatatokea mambo mawili. Kuna wimbo utausikia umeharibika, maneno uliyoyapita zamani ukidhani ni utani sahivi unayasikia alivyoyamaanisha. Huo wimbo na alichosema ni kitu kimoja, uache uende. Buju Banton, mwimbaji wa Jamaika, alikuwa na wimbo wa 1992 uliochochea kuuliwa kwa mashoga, ulilalamikiwa miaka mingi, mwishowe 2019 mwenyewe akautoa kwenye orodha ya nyimbo zake akasema haupigi tena, zilizobaki zikabaki. Na kuna wimbo utausikia uko salama kabisa, anaimba kuhusu mama yake au ajali aliyopata au njaa ya kutafuta maisha, na wewe uliusikiliza ukiwa na msiba wako au mtihani wako, huo ni wako, usimruhusu hata yeye akunyang'anye.

Harusini au kwenye bajaji ukipigwa huo wimbo tulia. Kutoka Chumbageni mpaka Raskazone sio safari ya kumpa dereva semina.

Hasira ipeleke mahali

Agosti 1976 Eric Clapton, mpiga gitaa maarufu wa Kiingereza, alisimama jukwaani Birmingham, Uingereza, amelewa, akawatukana wageni na kusema waondoke nchini, akimuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell. Huyu ni mtu ambae miaka miwili nyuma alishika namba moja Marekani na wimbo wa Bob Marley! Muziki wenyewe anaopiga, bluzi, ni wa watu weusi mwanzo mwisho. Mashabiki waliokasirika waliandika barua kwenye magazeti ya muziki wakitaka kuanzishwe kitu cha kupinga ubaguzi, ndo ikazaliwa Rock Against Racism, na kufika Aprili 1978 walijaza maelfu kwa maelfu ya watu kwenye bustani ya Victoria Park, London, kwenye tamasha lao. Yaani hawakukaa kuandika insha za kumchambua Clapton, walipiga muziki mwengine.

Sisemi ukodi uwanja wa Tangamano. Ila una wadogo zako wanaomsikiliza huyohuyo msanii na wanadhani kila anachosema ni madini kwa sababu ana hela, hao wakusanye Jumamosi moja uende nao Pangani, wapite kwenye yale majengo ya zamani pale mtoni, wapande kivuko, waulize maswali, mnakula samaki mnarudi. Usiwahubirie njiani. Mdogo wako akikuuliza "dada, kwani bado unampenda yule?" mjibu ukweli ulivyo, nampenda anavyotengeneza muziki na simkubali anavyoongea, na muulize yeye anakubaliana nae kwa lipi, afu msikilize kweli mpaka amalize. Watoto wanajua zaidi kuliko tunavyodhani, wanachokosa ni mtu wa kuwauliza.

Akiomba radhi

Usikimbilie kurudi. Ye aliomba radhi kwa Wayahudi Disemba 2023, kaandika kwa Kiebrania kabisa, waliokuwa na hamu ya kusamehe wakasamehe jioni ileile na matiketi wakawa wanayawaza. Februari 2025 akaandika tena kwamba haombi radhi kwa yale aliyosema. Clapton nae, alikuja kusema 2018 kwamba anaona aibu kwa mambo yale ya zamani, na hiyo imechukua zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo angalia vitu viwili. Cha kwanza, radhi imekuja lini, kabla au baada ya mkataba kuvunjika, kama imekuja wiki moja kabla albamu haijatoka we cheka tu. Cha pili, kataja alichokosea na aliowakosea kwa jina, au kasema zile "samahani kama kuna mtu ameumia". Akitaja vizuri, akakaa muda mrefu bila kurudia na bila mtu kumshikia fimbo, mfungulie kidogokidogo, anza na kusikiliza, hela iwe ya mwisho. Na kama aliowatukana sio watu wa aina yako basi msamaha sio wako kuutoa, hapo we subiri wenyewe wasemeje, afu wakisema hawajasamehe usiwaambie wanakuza mambo.